Kichwa cha Mjomba Mayunga

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa kinyonga rangi zake bila kumwuliza mtu. Yeye ndiye aliyenifikisha umri huu. Nimefundisha watoto wengi Kurani hapa Kahama, na bado wapo wanaoniambia nisimtaje mjomba wangu mwanamuziki mbele ya wanafunzi. Nitamtaja.

Enzi zetu, miaka ya sabini, muziki haukukaa mfukoni. Ulimsubiri Mayunga, mdogo wake mama, atoke na gitaa alilolipaka mabaka ya njano, zambarau na kijani mpaka mbao haionekani. Spika yake ilitumia betri ya gari. Gitaa liliponguruma, kisha likalia kama ndama aliyepotezana na mama yake, sisi watoto tuliacha kutafuna matobolwa, vile viazi vya kukausha, tukabaki midomo wazi. Alivaa bugaluu pana la kufagia vumbi na shati la batiki, na nywele zake zilisimama kama kichaka. Mama, mwanamke wa sala tano, alikuwa akimwuliza, "Mayunga, sauti umepewa na Mungu. Hizo rangi umepewa na nani?"

"Na hizo ni Zake, dada. Mimi nimezichanganya tu."

Siku moja ya gulio wakamkamata vijana waliojipa kazi ya kulinda adabu mjini. Wakamkata bugaluu kwa mkasi hadi magotini, wakamnyoa kipara mbele ya wauza mchele. Kiongozi wao akamwambia, "Jumamosi kuna mashindano ya ngoma. Na wewe njoo upige. Watu wakikukimbia, gitaa linabaki kwetu, na wewe unakwenda kulima pamba."

Usukumani ngoma haina hakimu. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji huhamia kule kunakowapendeza. Anayebaki na nyasi ameshindwa, wala habishani. Mjomba alipangiwa kushindana na wacheza ngoma wenye chatu hai, na nani aliwahi kumwacha chatu akatazame gitaa?

Jumamosi asubuhi alitoka chumbani na suruali yake ileile iliyokatwa. Kipara alikuwa amekipaka rangi za gitaa, kuanzia paji la uso hadi kisogoni.

"Hicho ni kichwa au kanga?" mama akauliza.

"Nywele wamechukua, dada. Ngozi wameniachia."

Uwanjani watu wote walimzunguka chatu. Mjomba alipiga peke yake, jasho likichuruzika na rangi mpaka kifuani, na vijana wa mkasi wakicheka. Ndipo mama, ambaye alikuwa hajawahi kusimama penye ngoma, akajitanda vizuri kanga yake, akanishika mkono, tukavuka uwanja mzima tukitazamwa.

"Mama Zuhura, na wewe?" mtu akamwuliza.

"Nimekuja kumwona mdogo wangu."

Wakatufuata wanawake wa mtaani, kisha wauza mchele, kisha watoto wao. Mwishowe hata mwenye chatu alikuja, chatu wake shingoni, akaomba nafasi ya mbele. Gitaa halikuchukuliwa. Mjomba alilipiga miaka mingi, akalifikisha Buseresere na Katoro kwa wachimba dhahabu, na nywele zilipoota alizirudisha kuwa kichaka. Mama hakuwahi kusema ule muziki ni halali. Alimwombea dua tu, kila sala, mpaka alipozikwa yeye mwenyewe.

Siku hizi wajukuu zetu wanapaka nywele buluu na hakuna wa kuwasubiri gulioni na mkasi. Alhamdulillahi. Ila wakimpenda msanii, wanabonyeza simu wakiwa wamelala kitandani, na wanaona wamemtetea. Sisi tulipenda kwa miguu, mchana, majirani wakituona.

Nawe uliyesoma hapa, Mungu akupe mtu wa kuvuka uwanja kwa ajili yako, na akupe moyo wa kumvukia mwingine. Amina.