Ng'ombe wa Baba Nyumbani kwa Mama Manka

Ng'ombe mwenye njaa aliyefungiwa ndani halii kama ng'ombe wengine. Hatoi ile sauti ndefu ya kuita ndama, wala ile ya kudai maji jioni. Anakoroma chini chini kama mtu anayesukuma gogo zito, ananyamaza, halafu anaanza tena pale pale alipoachia. Sauti hiyo niliisikia nikiwa msichana wa darasa la nne huko kwetu Masama, msimu ule kipindupindu kilipopanda mlima. Ilitoka nyumbani kwa jirani yetu Mama Manka, ng'ambo ya ua wa masale, ile mimea tunayopanda mipakani, karibu kabisa na jiko letu. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, nyasi kutoka juu mpaka chini, watu upande wa moto na ng'ombe upande wa pili, wote chini ya paa moja. Alikuwa mjane. Aliishi na binti yake Manka, ambaye mimi na yeye tulikata majani pamoja na kupigana karibu kila siku, na huyo ng'ombe. Na ng'ombe hakuwa wake. Alikuwa wa baba yangu.

Wasioijua desturi yetu niwaeleze. Mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko majani yake humpeleka mmoja kwa jirani akamtunze. Mtunzaji anapata maziwa na mbolea, mwenye mali anapata ndama, na nyumba mbili zinafungwa pamoja kwa kamba hiyo. Baba alimpeleka ng'ombe yule kwa Mama Manka baada ya kumzika mumewe, na tangu hapo mjane hakuomba maziwa kwa mtu, na migomba yake ilistawi kuliko ya wenye waume. Lakini kuna sharti linalojulikana bila kusemwa. Ng'ombe wa kuwekeshwa haondolewi hivi hivi. Anaondolewa kwa ugomvi mkubwa, au pale nyumba inapokuwa imekufa, haina tena mtu wa kuwasha moto. Ukimtoa, umetangaza jambo.

Ugonjwa uliletwa na mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mpunga kule Mabogini. Alipanda kwa miguu akiwa tayari hajiwezi. Mama Manka akamficha ndani, akatuambia ni tumbo la safari. Ilikuwa aibu tu, kwa sababu ule ulikuwa ugonjwa wa kuhara, na nani anataka kutangaza kwamba kwake watu wanahara? Mficha maradhi kifo humuumbua. Yule kijana alikufa, na bwana afya akaja na watu wake, wakanyunyiza dawa ambayo harufu yake ilikaa kooni kama chumvi chungu. Wakamzika wao wenyewe. Hatukuimba hata wimbo mmoja. Wakachora mstari wa chokaa mbele ya mlango wa Mama Manka, wakasema asitoke mtu, asiingie mtu.

Halafu tukafungiwa wote. Mfereji uliotuletea maji kutoka juu uliwekwa magogo na udongo, tukaambiwa tusinywe. Soko likafungwa, kanisa likafungwa, shule yetu ikageuzwa kambi ya wagonjwa. Kwenye njia ya kuteremka tambarare, ambako wanawake walikwenda kila siku kukata majani ya ng'ombe, walikaa mgambo na fimbo zao. Sisi watoto tulikatazwa kutoka nje ya kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Kabla ya hapo nilikuwa nakiona kihamba chetu kikubwa. Sasa nilikijua kama mtu anavyojua shati lake bovu. Nilijua mgomba upi umeinama, mti upi wa kahawa una sisimizi, na mahali pa pekee ambapo jua lilipenya likagusa ardhi. Majani ya migomba yalitufunika juu, moshi wa jiko ukabaki chini yake, na ukungu nao ukaja kukaa. Nilihisi kama kitu kilichotiwa chunguni kikafunikwa. Mkubwa akifungiwa anajua sababu. Mtoto anachojua ni kwamba miguu inamwasha.

Kwa kuwa majani hayakupatikana, ng'ombe walilishwa migomba. Mgomba ukishakatwa mkungu wake, shina halina kazi tena, unalikatakata na ng'ombe anakula na kupata maji humo humo. Mama alikata, mimi nikapasua vipande, tukalisha wetu wawili zizini. Kisha tukabeba sehemu ya yule wa tatu mpaka kwenye ua wa masale, tukaisukuma upande wa pili kwa mti mrefu wenye panda. Kwa mti huo huo Mama alipitisha kibuyu cha maji yaliyochemshwa na kingine cha uji wenye chumvi. Manka alikuja kuchukua. Tuliruhusiwa kupigiana kelele tu.

"Manka, bado uko hai?"

"Hai kuliko wewe! Mgomba gani huu mnatuletea? Ng'ombe ameutemea mate."

"Basi mpe mtori wa ndizi."

"Mtori nitakula mimi, yeye nitampa wewe."

Tulicheka. Lakini siku iliyofuata Manka hakujibu utani. Alisema mama yake ameshikwa na ugonjwa, halafu akasimama tu akiwa na kibuyu mkononi, msichana mwembamba wa umri wangu, peke yake na mgonjwa na ng'ombe. Mama alimfokea kutoka upande wetu, na mimi nilishangaa kwa nini anamfokea. "Usilie! Mnyweshe kidogo kidogo, asipotaka mlazimishe. Akitapika, mpe tena. Ukimaliza huyo mlishe ng'ombe. Unanisikia?" Manka akasema anasikia. Baadaye nilielewa kwamba Mama alifoka ili asilie yeye.

Mashina yaliyokwisha kuzaa yakaisha. Ndipo Mama alipopeleka panga kwenye migomba ambayo haijazaa, na Baba akamshika mkono.

"Unakata mgomba wenye mimba?"

"Anayekula ni ng'ombe wako, Baba Mkunde."

"Basi nitamleta ale hapa mbele ya macho yangu. Kule anakufa bure, na yule mwanamke hata akipona hatakuwa na nguvu za kumkamua."

Mama alikaa chini na panga mapajani. Hata mimi, Mkunde, mtoto wa darasa la nne, nilijua kilichokuwa kimesemwa. Maziwa yale machache ndiyo yaliyokuwa yamewabakia Manka na mama yake. Na kijiji kikisikia kwamba mwenye ng'ombe amemtoa ng'ombe wake, nani angeendelea kupeleka hata kibuyu cha maji kwenye nyumba iliyohesabiwa imekufa?

Asubuhi Baba alitia kamba begani, akapenya kwenye masale. Mimi na Mama tulisimama uani tukimwangalia. Alifika kwenye mstari wa chokaa akasimama. Mlango ukafunguka, akatoka Mama Manka akijishikilia ukutani, macho yameingia ndani, khanga imemzunguka mara nyingi kuliko zamani.

"Mama Manka, ng'ombe atakufa njaa. Nimekuja kumchukua."

"Kwanza umeamkaje, Baba Mkunde? Au wagonjwa siku hizi hawasalimiwi?"

Baba aliangalia miguu yake. "Nimeamka salama."

"Mimi sijaamka salama, lakini nimeamka. Manka! Mlete ng'ombe wa watu."

Manka akamtoa. Mbavu zake ungeweza kuzishika moja moja. Mama Manka akaweka mkono mgongoni mwa ng'ombe, nadhani ili asianguke. "Kamba unayo. Mstari huu mimi nimekatazwa kuvuka, ng'ombe hakukatazwa. Mchukue. Ila kabla hujamfunga, mwambie mtoto huyu kwamba nyumba yao imekufa. Sema kwa sauti, na migomba isikie."

Kwetu neno kama hilo halitamkwi juu ya nyumba yenye mtu. Linaweza kushika. Baba aliivuta kamba kutoka bega hili akaipeleka bega lile. Nilimwona baba yangu, mtu aliyejua kumtisha hata mwenyekiti wa kijiji, akitafuta pa kuweka mikono.

"Ng'ombe amekonda," akasema mwishowe.

"Hata mimi nimekonda, na hukuniletea kamba."

Akageuka. Alitupita pale uani bila kututazama, akachukua panga mkononi mwa Mama, akaenda moja kwa moja kwenye mgomba uliokuwa mlangoni petu, wa ndizi za mchare, mkungu wake mchanga, vidole havijanenepa. Akaukata kwa mapigo mawili. Akaburuta shina mpaka kwenye ua, akalitupa upande wa pili kwa mikono yake. Tangu siku hiyo alikata yeye, kila asubuhi, akinung'unika mpaka povu linamtoka. Sitaki mtu afikiri kwamba moyo wake uligeuka. Hakusema neno jema hata moja. Ila ng'ombe hakukosa chakula, na nyumba ile iliendelea kuhesabiwa kuwa na watu.

Mama Manka alipona, na Manka hakushikwa kabisa. Siku waliyofunguliwa Mama Manka alitujia na kibuyu cha maziwa. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, mwenzangu. Yatachemka kwanza." Mama Manka alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kihamba chetu kilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Mwaka ule tulikula unga wa njano uliokuwa na harufu ya gunia, sisi watu wa ndizi. Migomba ilibidi ipandwe upya, mashimo yachimbwe, mbolea ibebwe kichwani, na mikono iliyokuwepo ilikuwa yangu. Shule ilipofunguliwa sikurudi. Mwalimu alikuja kuniulizia, Baba akamwambia nitakuja mvua zikiisha. Mvua zimeisha mara nyingi tangu hapo. Manka alirudi shule, akasoma, akawa muuguzi. Nilimwonea wivu, siwezi kusema uongo, na bado nampenda.

Ilipokuja corona nilikuwa bibi wa watu, naishi kihamba kile kile, sehemu niliyoachiwa. Wanangu walipiga simu kutoka Dar es Salaam na Moshi mjini: Mama usitoke, Mama nawa mikono, Mama usipokee wageni. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini nilitii, nikakaa. Jirani yangu siku hizi ni kijana anayepandisha watalii mlimani, na mke wake na mtoto. Wamejenga ukuta wa matofali na geti la chuma. Watalii waliacha kuja, na mimi kutoka upande wangu sikusikia kitu. Hakuna kilichokoroma. Ukuta mzuri unanyamazisha hata njaa.

Nilimfikiria sana Baba siku zile. Watu wakisimulia zamani husema tulipendana. Hatukupendana kuliko hawa wa leo. Baba alikwenda kule kwa sababu ya mali yake, na kama ng'ombe asingekuwa wake asingefika kwenye ule mstari, na asingefika asingeaibika. Mimi kwa yule kijana sina ng'ombe. Sina hata kuku. Sikuwa na sababu ya kuingia kwake kwa hasira, na ukienda kwa upole mtu anakujibu "tuko salama, Bibi", mambo yanaishia hapo.

Basi nikajitafutia sababu: nikavaa barakoa, nikajitwika mkungu wa ndizi, nikaenda kugonga geti. Mke wa yule kijana akafungua upana wa kiganja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Fungua, shingo inaniuma."

"Weka tu hapo chini Bibi, nitauchukua. Tuko salama."

"Ndizi yangu siiweki chini kama taka."

"Bibi, corona..."

"Naijua corona. Na ya kabla yake naijua."

Akafunga. Nikaushusha mkungu mapajani, nikakaa palepale getini, waliopita njiani wakanisalimia na kuniuliza kuna nini, nami nikawajibu kwa sauti kwamba nasubiri kufunguliwa. Jua lilinichoma mpaka likahamia mgongoni. Mwishowe komeo likalia. Sikumuuliza kitu yule binti, wala sikumtazama machoni, nilipita na mkungu wangu moja kwa moja mpaka jikoni na kuweka kiganja juu ya jiko. Lilikuwa baridi, na masufuria yote yalikuwa yameoshwa yakapangwa vizuri. Nikamwambia alete kisu tumenye ndizi.