Ile Nyembamba ya Rafu ya Juu

Muuza kompyuta yule hamdanganyi mteja. Akiulizwa kuhusu laptopu nyembamba ya michezo iliyo rafu ya juu, husema ukweli mtupu, kwa sauti ya shangazi anayekataa posa: "Hapo unalipia wembamba tu, kaka. Ukicheza kidogo inachemka kama pasi. Chukua hii nene, bei ni nusu na kazi ni ile ile." Wateja humshukuru, wakaondoka na ile nene. Duka likitulia, huchukua kitambaa laini akaifuta ile nyembamba, ingawa haina vumbi, akaifunua kwa kidole kimoja, akatazama herufi zikiwaka rangi moja baada ya nyingine, kisha akaifunika taratibu.

Leo mama mmoja mwenye mvi alimsikiliza mpaka mwisho. "Usemayo ni kweli, mwanangu," akasema. "Lakini nimeipenda mwenyewe, na kipenda roho hula nyama mbichi." Muuzaji akainua mikono hadi rafu ya juu. Akaishusha, akaitia kwenye boksi, akalikabidhi kwa mikono miwili, na mikono ikachelewa kuachia. "Usiiweke juu ya godoro, mama," alisema, ile sauti ya shangazi haipo tena. "Inataka hewa."