Dumu Lisilo na Utepe

Katika gereji ile kila kitu chepesi kiliitwa maji. Kulikuwa na maji ya betri, maji ya breki, maji ya rejeta. Hata mafuta ya taa yaliyosalia kwenye kopo la kuoshea nati yaliitwa "yale maji". Kilicho kizito kiliitwa oili, na mjadala ukaishia hapo. Mzee aliyeianzisha gereji alikuwa ameipanga dunia hivyo tangu ujana wake, na mwanawe wa kiume akairithi lugha hiyo pamoja na spana.

Aliyeikataa ni binti wa mzee.

"Ukisema maji, mimi naelewa kitu cha kunywa," alikuwa akimwambia kaka yake.

"Basi kunywa ya betri, mdogo wangu, tuone." Na gereji nzima ingeangua kicheko.

Walimwita Sikio. Jina hilo lilitokana na bomba jembamba la shaba ambalo baba yake alilifunga kwenye injini kwa nati moja, akaliunganisha kwa mpira hadi kwenye vifuniko vya masikio. Aliyevaa vifuniko hivyo aliweza kusikia injini ikianza kugonga ndani kabla haijajivunja. Miaka ya kelele za ekzosi ilipomaliza masikio ya mzee, hakulia wala hakulalamika. Siku moja alimwita binti yake, akamvisha vifuniko, akasema kwa sauti yake kubwa ya kiziwi, "Mama, kazi hii sasa ni yako. Mimi redio naisikia kwa macho."

Haukuwa utani mtupu. Macho yalikuwa yamechukua zamu ya masikio. Mzee alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa ofisi, akasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, na aliweza kusoma midomo ya binti yake kutoka upande wa pili wa uwanja. Walizungumza hivyo siku nzima, bila sauti, huku wateja wakiingia na kumuuliza mwanamke aliyelala chini ya gari, "Samahani dada, fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Hapana, fundi mwenyewe."

Wapo waliosubiri saa nzima kivulini ili wahudumiwe na kaka yake, ambaye naye angetoka, akasikiliza kwa makini, kisha akaenda kumuuliza Sikio.

Kinyozi hakuwa miongoni mwao. Alikuwa mtu wa maneno mengi na gari la turbo alilolipenda kuliko saluni yake, na alimwamini Sikio kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kumwambia hapana. Safari hii alitaka nguvu zaidi. Sikio alimweleza kwamba turbo inaposhindilia hewa, hewa hiyo huchemka, na mafuta yanayokutana na hewa inayochemka hulipuka kabla ya wakati wake. Kulipuka huko ndiko kugonga. Dawa ilikuwa kurusha ukungu mwembamba wa methanoli iliyochanganywa na maji kwenye njia ya hewa, ili hewa ipoe, methanoli iongeze mafuta yasiyogonga, na injini ivumilie.

"Yaani unaipigia pafyumu," Kinyozi alisema.

"Pafyumu inayoua."

Sikio alifunga tangi dogo kwenye buti, pampu pembeni yake, na kijipua cha kurushia ukungu kwenye bomba la hewa mbele. Muuza kemikali alidai chombo chake kirudi siku ileile, na chombo safi pekee kilichokuwepo kilikuwa dumu la maji ya kunywa, pacha wa madumu mengine ya gereji. Sikio hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alivaa glavu, akachanganya nusu kwa nusu, akalifunga dumu utepe mwekundu shingoni na kulisukuma chini ya benchi. Kisha alisimama katikati ya uwanja, akatangaza kwa mdomo mpana ili baba naye asome:

"Lenye utepe si maji. Ni methanoli. Mafunda machache yanatosha kukupofusha."

"Pombe ya magari," kaka alisema.

"Cheka tu, kaka. Lakini usiliguse."

Asubuhi ya majaribio, Kinyozi alipiga honi kama mwenye harusi. Sikio alikuwa mbele, mikono yake imezama kwenye injini akikaza nati ya bomba la shaba. Tangi la buti lilikuwa bado tupu. Alichoka kusahihisha watu, au haraka ilimzidi. Midomo yake, iliyopigana na neno lile maisha yake yote, ikalisema yenyewe.

"Kaka, nijazie yale maji ya nyuma!"

"Tayari yanaingia!"

Waliondoka. Nje ya mji palikuwa na kipande cha lami pana kilichoelekea kiwanda kilichofungwa, na huko Kinyozi alikanyaga. Gari lilinyanyua pua. Sikio, vifuniko masikioni, alisikia turbo ikivuta pumzi, akasikia pampu ya nyuma ikiamka na kurusha, kila kitu kwa zamu yake. Halafu, palipotakiwa kuwa na ulaini, akasikia kokoto zikitikiswa ndani ya kopo.

"Toa mguu! Toa!"

Gari lilijikongoja hadi pembeni. Kinyozi alikuwa amekwisha kuanza kuomboleza injini yake kwa majina ya mapenzi. Sikio alikwenda kwenye buti, akafungua tangi, akachovya kidole na kujipaka nyuma ya mkono. Methanoli hukauka upesi na kuacha ubaridi. Hii ilibaki pale, tone zima lisilo na harufu.

"Ni maji," alisema, akakaribia kucheka kwa nafuu. "Injini yako nzima. Kaka ametia maji ya kunywa."

Kisha kicheko kikamkauka. Kama maji ya kunywa yalikuwa kwenye tangi, kilichokuwa kwenye dumu la maji ya baba, mezani pake, kilikuwa nini?

Alipiga simu.

"Ulijaza kutoka dumu gani?"

"Lile la karibu na benchi. Si ulisema maji?"

"Lenye utepe?"

"Utepe niliutoa jana. Waya wa pampu yako ulikuwa unaning'inia, nikaufunga nao. Hujauona?"

Alikuwa ameuona. Ulikuwa mbele ya macho yake, mwekundu, umezungushwa kwenye waya kwa unadhifu mkubwa.

"Na dumu la chini ya benchi, kaka?"

"Nilimwekea baba mezani kabla sijatoka. Ya kwake yalikuwa yameisha." Sauti yake ikabadilika. "Mimi niko duka la spea. Mungu wangu. Mpigie!"

"Nimpigie nani? Kiziwi aliye peke yake?"

Mzee alimeza vidonge vyake vya presha kila adhuhuri, kwa kikombe kizima alichokipindua mara moja. Adhuhuri ilikuwa imewadia.

"Panda," Kinyozi alisema. "Gari hili litatufikisha kabla hujafunga mkanda."

"Halitatufikisha kokote. Ukiamsha turbo bila methanoli, injini itapasuka njiani na tutatembea kwa miguu. Nisikilize mimi tu."

Basi wakarudi mjini kwa gari lenye kasi kuliko yote mtaani, wakiliendesha kwa kubembeleza. Sikio alifumba macho na kuusikiliza ukingo ule mwembamba kati ya mwendo na maangamizi. "Ongeza. Ongeza. Bado. Punguza!" Mabasi yaliwapita. Kijana wa pikipiki aliwapungia mkono na kupiga kelele, "Mzee wa turbo, vipi, umeishiwa mafuta?" Kinyozi, ambaye siku nyingine angemfuata mpaka kwao, alimeza mate na kuuliza kwa upole, "Sasa niongeze, fundi?"

"Kidogo."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, gazeti magotini. Kikombe kilikuwa mezani, kitupu. Sikio alikinusa, akamsogelea baba usoni.

"Umekunywa?" midomo yake iliuliza.

"Vidonge? Nimekunywa. Lakini mama, maji yenu ya siku hizi yana ladha ya duka la dawa. Nimeyamaliza kwa heshima tu."

"Inuka. Tunakwenda hospitali."

"Kufanya nini? Mimi mzima kama chuma."

Hapo ndipo palipokuwa na ukatili wa sumu ile. Humwacha mtu ajione mzima, atanie, asome gazeti lake, huku ikifanya kazi yake taratibu kuelekea kwenye macho. Sikio hakubishana. Yeye na Kinyozi walimbeba mzee na gazeti lake.

Kaka aliwakuta mapokezi, akitweta, akamwahi kila mtu dirishani.

"Dada, baba yetu amekunywa maji, yaani yale maji ya..."

"Kaka, kila mtu hapa amekunywa maji," mhudumu wa mapokezi alijibu bila kuinua uso. "Kaeni kwenye benchi, mtaitwa."

Na kaka, mtu mzima mwenye ndevu, akageuka kwenda kukaa, kwa sababu neno pekee alilokuwa nalo lilikuwa limekwisha kutumika.

Sikio aliweka viganja vyake vyenye oili juu ya kaunta nyeupe.

"Methanoli," alisema. "Imechanganywa na maji nusu kwa nusu. Kikombe kizima, adhuhuri ya leo. Hajaanza kuumwa, na ndiyo maana nataka daktari sasa hivi."

Mhudumu aliinua uso. Alitazama midomo iliyotamka neno lile, akanyanyua simu.

Daktari alimuuliza Sikio maswali mawili, kisha akaagiza dripu ya kuizuia sumu na mashine ya kusafisha damu. "Wengi huletwa wakati tayari wanaona ukungu," alimwambia Sikio koridoni. "Sitakuahidi. Tutajua asubuhi."

Asubuhi ilimkuta palepale, kandokando ya kitanda, ndani ya ovaroli ileile. Kaka alikaa kwenye kona, utepe mwekundu umezungushwa kidoleni. Alikuwa ameufungua kutoka kwenye waya wa pampu na hakujua pa kuuweka. Sikio alikuwa na maneno makali ya kumwambia, na akajikuta hawezi kuyasema yote. Neno lile, maji, lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe.

Mzee alipofumbua macho, aliyaelekeza darini, kisha dirishani, kisha kwa binti yake. Alimtazama muda mrefu. Sikio hakuthubutu kusogeza hata mdomo, asije akamsaidia kumwona.

"Kola yako," baba alisema hatimaye, kwa sauti iliyoamsha wodi nzima. "Ina doa la oili. Upande wa kushoto. Umekuja mbele ya madaktari hivyo?"

Sikio aliishika kola yake ya kushoto kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka.

"Mama, usilie, litatoka kwa sabuni," mzee alisema. Kisha, akilamba midomo iliyokauka, akamgeukia mwanawe wa kiume. "Wewe, niletee maji." Akafikiri kidogo, akainua kidole.

"Ya kunywa."