Nta ya Visiginoni

"Nyuki hawaji kudai nta yao, Mama," Winfrida alisema. "Niambie imekwenda wapi."

"Walikuja. Walipanga foleni pale mlangoni, mkubwa wao mbele."

"Na haya mabaki ya mishumaa humu koponi?"

"Waliyaacha wao. Nyuki wana adabu, hawachukui kitu bila kurudisha kingine," alijibu Bibi Ndeanasia, mama mkwe wake, akiingiza miguu chini ya khanga.

Mezani, kati yao, lilikuwa limelala pazia la batiki. Juzi Winfrida alilitia rangi ya njano. Jana akachora migomba juu yake kwa nta ya moto, ili njano iliyofunikwa isimezwe na bluu itakayofuata. Nta ya mishumaa peke yake ni ngumu. Ndiyo maana huichanganya na ya nyuki, inyumbuke pamoja na kitambaa. Jana akachota koponi bila kunusa, asijue ya nyuki haimo. Na baridi iliyoteremka Uru alfajiri hiyo ingegandisha hata uongo mdomoni. Kulipokucha, migomba yote ilikuwa na nyufa.

Saa nne Mama Anusuya, mwenye nyumba ya wageni mjini, alikuwa anakuja kuona pazia hilo la mfano. Alitaka njano safi, isiyo na mshipa. Likimpendeza, madirisha yote ni ya Winfrida. Lisipompendeza, atanunua ya kiwandani. Miaka kumi na miwili Winfrida alikuwa anatia rangi, mpaka kucha zake zikasahau rangi ya kuzaliwa, na hajapata mteja wa kumpandia mlima.

"Toa miguu, Mama."

Visigino vya Bibi Ndeanasia vilijulikana Uru nzima. Kila kipupwe vilipasuka hivi kwamba kuku mmoja, wanasema, aliwahi kutaga humo na akaangua. Leo vilikuwa laini, viking'aa, vikinukia asali.

"Vilikuwa vinatoa damu," bibi alisema, sauti imepungua. "Jumapili mbili sikufika kanisani."

Hasira ya Winfrida ikakosa pa kushika. "Ungeniambia."

"Ungesema ninunue mafuta."

"Ningesema, ndiyo."

Kuchemsha nta itoke, kukausha na kuchora upya ni kazi ya siku nzima. Winfrida aliutazama mgomba mmoja, akaitazama miguu, kisha akalikunja pazia na kulibeba hadi kwenye mfereji, ambako maji ya mlimani hupita na ubaridi wake wote.

"Kanyaga."

"Nikanyage kazi yako?"

"Kote, usiache jani. Nyufa chache ni kosa langu. Zikienea kote, ni kazi yangu. Na visigino vya wiki iliyopita vingechana uzi, kwa hiyo leo nyuki wako wamesaidia."

Bibi akapandisha khanga, akakanyaga, akilalamika kwamba maji yanamuuma na huku hataki kutoka. Nta ikalia chini ya nyayo zake kama maganda ya mahindi makavu. Kisha Winfrida akavaa glavu, akalizamisha pazia katika pipa la bluu, akaligeuza taratibu, akahesabu pumzi zake, akalitoa. Lilitoka kijani, kama majani yaliyotafunwa na ng'ombe.

"Umeliua," bibi alisema.

"Linavuta hewa. Bluu hii huzaliwa kijani. Subiri."

Wakalitandaza kambani. Ukingo ukaanza kugeuka bluu nzito, polepole, rangi ikipanda na kuingia katika kila ufa, na njano ikabaki katikati ya mishipa hiyo.

Winfrida hakuthubutu kuligusa. Bibi alimsogelea.

"Usiogope kijani. Hata mume wako alizaliwa kijani. Mkunga alitaka kumrudisha, nikamwambia, mtundike kwanza kambani avute hewa, na rangi ilipofika shingoni—"

"Hodi."

Mama Anusuya alikuwa amesimama penye migomba ya uani, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Shikamoo, bibi," alisema, macho yake hayako kwa bibi. Akawapita wote wawili, akanyoosha kidole na kukifuatisha ufa mmoja, kutoka jani hadi jani. "Mishipa hii naitaka kila dirisha. Umeichora kwa kitu gani?"

Bibi Ndeanasia aliirudisha miguu yake chini ya khanga.