Kilima cha Babu Kando ya Luama

Jean-Baptiste Kalonda alikuwa katekista miaka mingi, ila ubishi wake aliupata kabla ya ubatizo. Tangu kifua kianze kumsumbua, alikuwa na neno moja tu: hatazikwa pembeni ya barabara ya Kabambare, pikipiki za machimbo ya Salamabila zikimrushia vumbi mpaka siku ya ufufuo. Atazikwa bondeni, Kilumba, kijiji cha zamani, karibu na babu yake.

Binti yake Emmanuella ndiye angebeba mzigo huo, na alikuwa hajaahidi.

"Baba, unionyeshe kwanza. Sitazunguka na maiti porini nikitafuta adresi."

Basi asubuhi moja ya kiangazi wakateremka. Mathilde, mjane wa kaka yake Jean-Baptiste, akawafuata na fimbo yake bila kualikwa.

"Shemeji, makaburi ni mambo ya wanaume," Jean-Baptiste alimkumbusha. Ndiyo maana kila kiangazi alikwenda kulifyeka kaburi la babu peke yake.

"Na Emmanuella iko mwanaume?"

"Yeye mutoto wangu."

"Na mimi shemeji yako, nitakutania mpaka shimoni. Tembea, muzee, konokono wanatupita."

Njia ile zamani ilisafishwa na miguu ya watu. Sasa inataka panga. Vijana wanajua kila shimo la dhahabu, lakini njia ya kwao hawaijui, wala haiwaumi. Watu wa Kilumba walikimbia wakati wa vita vya Mulele, miaka ya sitini, na waliporudi wakapangwa barabarani kama viti vya kanisa. Jean-Baptiste alitoka huko mgongoni mwa mama yake.

Kijiji hakikubakiza mengi. Ngazi, ile michikichi ya mawese, zilisimama mistari miwili palipokuwa barabara yake, na kwenye majani mtu alijikwaa kwenye mafiga matatu, bado yakingoja sufuria. Mbele zaidi kulikuwa na jiwe bapa lenye mifereji, walikonolea majembe. Chini, Luama ilinguruma.

Jean-Baptiste alisimama mbele ya kilima kidogo cha kijivu, kimefyekwa vizuri pande zote. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akasali Baba Yetu mpaka amina. Kisha akatoa mfukoni kachupa ka malafu, pombe ya mchikichi, akamwaga kidogo.

"Padri asisikie," alisema. "Emmanuella, babu yangu ndiye huyu."

Mathilde alicheka mpaka ikambidi aegemee fimbo. Alipopata pumzi akaichomeka fimbo ile ndani ya kilima, akachokoa, akatoa kigae cha chungu chenye matundu chini.

"Babu yako alizikwa na kichujio?"

"Shemeji, heshima!"

"Heshima gani? Hapa tulitengeneza chumvi. Nilipoletwa bibi harusi, mama yako alinipeleka mtoni kukata majani. Tukayaanika, tukayachoma, jivu tukalitia kwenye chungu cha matundu, tukamwagia maji. Yaliyodondoka tukayachemsha mpaka chumvi ikabaki. Tuliifunga kwenye majani, ikafika hata Lusangi. Jivu lililokamuliwa tulitupa hapa. Miaka yote hii, katekista, umelisalia jivu la mama yako!"

Emmanuella aligeukia mtoni ili baba asimwone uso. Yeye chumvi aliyoijua ni ya mfuko, nyeupe kama dawa, haina harufu ya moto.

"Na babu?" Jean-Baptiste aliuliza.

Mathilde aliacha kucheka. Akanyoosha fimbo kwenye ukingo uliokatika.

"Alikuwa pale. Luama ilimeza ukingo tukiwa bado tunaishi hapa. Wanaume waliona haya kusema, wakakuacha na kilima hiki."

"Basi turudi, Baba?" Emmanuella aliuliza polepole.

Jean-Baptiste alikaa juu ya kilima, akachota jivu kidogo kwa kidole, akaonja.

"Halina chumvi."

"Tuliikamua yote. Ulitaka tukubakizie?"

"Mama alikuwa anakaa wapi akichemsha?"

"Hapo ulipokaa."

Alikohoa, akapangusa mdomo kwa kofia.

"Basi munizike hapa."

Emmanuella alimtazama Mathilde, maana mahali pa wanawake hapagawiwi na mwanaume. Mathilde hakuharakisha.

"Mwanaume haji kwenye chumvi mikono mitupu," alisema. "Analeta kuni kwanza, ndipo anaonjeshwa. Wewe umekuja miaka yote na malafu, na leo umeonja bila kuuliza."

"Sasa nilete kuni?"

"Unaona mimi nimekuja kuzibeba?"

Mzee aliinuka, akaingia kwenye vichaka. Emmanuella akataka kumsaidia, Mathilde akamshika kitenge. Jean-Baptiste akarudi na mzigo kifuani, majani yamemnasa kwenye mvi.

"Mbichi hizi," Mathilde alisema.

Mzee akazitupa, akaondoka tena akinung'unika maneno ambayo hakufundisha katika katekisimu. Aliporudi, kuni zilikuwa kavu. Mathilde alivunja kijiti kimoja, akasikiliza kilivyolia, akampisha mzee aziweke chini.

Emmanuella alikuwa ameshaokota panga. Alikuwa anafyeka upande ule wa kilima ulio mbali na mto, na kila mara alisimama kumpima baba yake kwa macho.

"Baba," aliuliza, "kichwa kitakuwa upande gani?"