Silvesta na Kisu cha Kiprono

Silvesta Wekesa alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kusikia kitu kikilia akakiacha. Mlango ukikwaruza, feni ikikoroma, kitanda cha juu kikilalamika kila mtu akijigeuza, yeye huyo na bisibisi yake. Tulikuwa watu sita katika chumba kimoja cha kambi ya wafanyakazi huko Industrial Area ya Doha, na nasema bila kumpendelea, chumba chetu ndicho kilichokuwa kimya kuliko vyote kambini. Kazi alijifunzia kwenye kibanda cha baiskeli Webuye, kisha kampuni ikamleta Doha kurekebisha bawaba na vitasa katika majengo ya mji mpya wa Lusail. Ukimsifu, alitabasamu wiki nzima. Ukisahau kumsifu, alikukumbusha.

Kitu kilichomshinda kilikuwa kimoja, nacho ni kisu cha Kiprono.

Kiprono, mmoja wa sisi sita, alikuwa dereva wa basi la kampuni, mtu mzima wa Kericho, mpole, asiye na haraka hata mbele ya chakula. Kisu chake kilikuwa cha kukunja, chenye mpini wa mbao na springi ngumu mgongoni. Kambi yetu ilikataza visu vyumbani, kwa hiyo alikificha ndani ya mkebe wa unga wa ugali. Msimamizi angekagua godoro, angekagua begi, lakini nani angetia mkono kwenye unga wa Mkenya? Miaka mitatu kisu kikalala humo. Unga ukaingia kwenye kiungo chake, ukakutana na vumbi la Doha. Halafu Kiprono, akidhani anakisaidia, akakitia mafuta ya kupikia, na mafuta hayo yakikaa hugeuka gundi.

Kila Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, Kiprono ndiye aliyetukatia sukuma wiki, nyembamba kama nyuzi. Kukifungua kisu ilikuwa kazi: krrr, krrr, mpaka unausikia mlio kwenye meno. Kukifunga, alikikumbatia mkononi, vidole vimelala palepale kwenye njia ya makali, akakisukuma polepole kwa kiganja cha mkono wa pili. Hakikumkata hata siku moja. Kiungo kilikuwa kizito mno, na mikono yake ilishajua hivyo.

"Mzee, nipatie hiyo kitu dakika kumi tu," Silvesta alimwomba kila Ijumaa.

"Wachana nayo," Kiprono alijibu. "Sisi tumezoeana."

Alhamisi moja, Kiprono akiwa barabarani na basi, Silvesta akafungua mkebe wa unga. Mimi nilikuwa kitandani, namwona. Alikitumbukiza kisu kwenye kikombe cha mafuta ya taa, akakifungua na kukifunga humohumo, akasugua kiungo kwa mswaki mzee. Ukatoka uji mweusi. Akamwaga, akarudia, mara nne au tano, hadi mafuta yakabaki safi. Akakiosha kwa maji moto na sabuni, akakianika dirishani, na kilipokauka akakitia tone moja la mafuta ya cherehani. Kilifunguka bila sauti. Alipokikunja, kilifika nusu ya njia, springi ikakidaka: tap!

"Umesikia hiyo?" akasema, akicheka kama mtu aliyeambiwa mkewe amejifungua mapacha. "Inajifunga yenyewe!"

"Mwambie mzee kabla hajakishika," nikasema.

"Nikimwambia, itakuwa sapraizi gani sasa?"

Sikubishana naye. Nilijigeuza nikalala, na usingizi ule naujutia mpaka leo.

Ijumaa Kiprono alikitoa kisu kwenye unga, akakipangusa, akakifungua. Kimya. Alikitazama, akatutazama sisi. Silvesta alikuwa ameinamia vitunguu, akijizuia asicheke. "Leo kimeamka vizuri," Kiprono akasema, akaanza kukata sukuma. Alipomaliza tulikuwa tunabishana habari za mpira, naye alikuwa katikati ya ubishi. Akakikumbatia kisu kama alivyozoea, akakisukuma kwa nguvu ileile ya siku zote.

Tap.

Silvesta ndiye aliyemfunga taulo mkononi, na ndiye aliyekwenda naye hospitali. Madaktari walishona vidole viwili, lakini kano zilikuwa zimekatika, na baada ya miezi mitatu ya mazoezi vilikuwa bado havikunjiki. Kiprono aliandikisha kwamba alikatwa na kopo la samaki, ili chumba kizima kisiadhibiwe kwa ajili ya kisu. Dereva asiyeweza kushika usukani vizuri hana kazi. Akapewa tiketi ya kurudi nyumbani.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Silvesta yalikuja siku ileile, ila mdomo wake ndio uliogoma. Kila asubuhi aliniambia, "Leo namwambia." Kila jioni alinikwepa. Siku ya safari alimbebea Kiprono sanduku hadi kwenye gari, akasimama pale, akafungua kinywa, akasema, "Safari njema, mzee." Nilimkasirikia sana siku hiyo. Nami pia sikusema kitu.

Silvesta alikaa hivyo miezi saba. Viungo vya kitanda vikaanza kulia, asishughulike. Ijumaa moja mchana akampigia Kiprono simu, akaniita nikae karibu, akaweka sauti ya nje. Akasema yote bila kupumzika: mkebe, mafuta ya taa, sapraizi.



"Silvesta, kisu hakijioshi," Kiprono akasema. "Nilijua ni wewe nilipokifungua tu. Hata nilifurahi, nikasema kijana ananijali. Na vidole ni mimi niliweka hapo, si wewe."

"Mzee, nisamehe."

"Hiyo nilikusamehea hospitali, kabla hata hawajashona. Lakini ulikaa na mimi pale siku tatu, ukinilisha na kijiko, na mimi nangoja useme tu. Ungesema, tungelia pamoja iishe. Saa hii nimeshalia peke yangu."

Kiprono akatusalimia sote chumbani, mmoja mmoja kwa jina, kisha akaomba ruhusa akakamue ng'ombe, maana siku hizi lazima aanze mapema, la sivyo giza humkuta bado yuko kwa ng'ombe wa kwanza.