Mwalimu wa Meza za Kahawa

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mwekundu kule Tetu ambaye hakutoa maziwa mpaka avumiwe. Si wimbo, hapana, ni mlio tu wa puani, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Mama akivuma, maziwa yanashuka. Siku moja alienda kumwona dada yake mgonjwa, na shangazi akakaa kukamua badala yake. Akamkazia ng'ombe macho, akangoja, akangoja, na ng'ombe akabana kila tone. Tulikunywa chai ya rangi.

Sasa kwa nini nimeanza na ng'ombe? Ni uzee. Ukungu ukishuka kutoka mlimani asubuhi namkumbuka yeye kwanza, halafu ndio namkumbuka yule kijana. Simfananishi mtu na mnyama, mnielewe.

Uhuru ulikuwa bado unanukia upya. Mimi masomo yalinitupa mapema, nikawa kibarua kwa kiwanda cha kahawa, ng'ambo ya barabara kutoka chuo cha walimu. Kahawa ikishaoshwa huanikwa juu ya meza ndefu za waya, na watu husimama pande mbili wakiigeuza kwa mikono, kwenda na kurudi, kutwa. Ina harufu tamu, chachu kidogo, na ukigeuza kwa muda unasahau kama umesimama Nyeri ama umo ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Kijana alikuwa mwanafunzi wa hicho chuo, mtoto wa upande wa Karatina, na alikuwa na kigugumizi. Jioni akitoka darasani anakuja kusimama mezani nasi, anageuza kahawa bila kuombwa. Akina mama walimpenda, kwa hivyo walimchokoza.

"Mwarimu, hiyo neno imekwama wapi leo? Kwa koo ama kwa viatu?"

"Iko n-n-njiani, mama. Inakuja na miguu."

Basi wanacheka, naye anacheka. Lakini siku moja, tukiwa wawili tu mezani, aliniambia, "Mzee, nataka kufundisha mahali ambapo hakuna mtu amewahi kuningoja nimalize." Nami sikuwa mzee hata. Ni heshima tu.

Kabla ya kupewa cheti ilikuwa lazima afundishe watoto wa shule ya jirani mbele ya mkaguzi. Tuliletewa habari na mpishi wa chuo. Kijana alishika chaki, neno la kwanza likakwama. Watoto wa huku wamefunzwa kumsaidia mkubwa aliyelemewa na mzigo, basi wakamsaidia. Mmoja akamalizia "nyumba", mwingine "nyanya", mwingine "nyoka", mpaka darasa zima likawa linapiga kelele. Mkaguzi akasema atarudi Alhamisi, na kama somo halitafika mwisho, kijana arudi kwao akalime.

Alhamisi ikafika, na ukungu wake. Nikaona kitu kama ndoto: watoto wawili wawili, wameshikana mikono, wanatoka kwenye weupe na kuja kwetu. Kijana yuko mbele. Mkaguzi yuko nyuma, anainua viatu vyake kutoka kwa matope kama kuku.

Meneja wetu akatoka mbio. "Nani ameruhusu watoto hapa?"

"Kahawa inakauka, meneja," akajibiwa na mama mmoja. "Kelele yako itaikausha haraka?"

Kijana akawapanga watoto pande zote za meza, akaanza kugeuza, nao wakageuza. Akawaambia waigawe kahawa nusu, halafu robo, halafu nusu ya robo, wakichora mistari kwa vidole. Neno likikwama, mikono yake haikusimama, na ya watoto haikusimama. Hakuna aliyemngoja, kwa sababu kila mtu alikuwa na kazi. Neno likafika lenyewe, likakuta watu wanaendelea. Hapo ndipo nilisikia ile sauti ya mama yangu puani, sijui ilitoka wapi. Labda ni mimi niliyekuwa navuma.

Ukungu ulipoachana na mlima, somo lilikuwa limekwisha. Mkaguzi alikuwa ameinamia meza, mkono wake umo ndani ya kahawa, anageuza tu. "Umefika mwisho," akasema.

Alipopata cheti aliomba apelekwe mbali, kule chini ambako mlima hauonekani. Alikuja kutuaga na sanduku la mbao begani. Akina mama wakampa kibuyu cha uji, akanywa wote.

"Utarudi msimu wa kahawa, mwarimu? Mikono yako tumeizoea."

Akafungua mdomo. Neno likakwama, na sote, kwa kumpenda, tukamkazia macho, tukamngoja.

Akaweka kibuyu chini polepole, akatabasamu, akashika barabara. Hakugeuka. Hajarudi.